Jina Lako Halipo? Uliza Kwa Nini, na Uliza kwa Maandishi



Mama zangu, dada zangu, na wewe baba unayesoma haya kwenye simu baada ya Isha. Leo nataka tuzungumze kuhusu uji wa mtoto, na ile hela ndogo ya serikali ambayo wengine wanaipata na wengine wanaambiwa "jina lako halipo."

Nianze na kisa ambacho wengi tumekisikia msikitini. Usiku mmoja Sayyidna Umar ibn al-Khattab, Allah amridhie, alikuwa analinda msafara wa wafanyabiashara waliopiga kambi Madina. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamwambia amche Mungu, amtulize mwanawe. Akarudi mara ya pili, mtoto bado analia. Mara ya tatu akauliza, huyu ana nini hatulii usiku kucha? Yule mama hakujua anazungumza na nani. Akamjibu kwamba anamwachisha ziwa kwa nguvu, maana Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa. Na mtoto mwenyewe alikuwa wa miezi tu.

Alfajiri ile Umar aliswalisha huku analia, mpaka watu hawakusikia vizuri kisomo chake. Kisha akaamuru itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao. Kila mtoto anayezaliwa ana fungu lake.

Tuangalie mambo mawili hapo. Kwanza, yule mama hakuwa mama mbaya. Utaratibu ndio uliokuwa na tobo, na aliyelipia tobo lile ni mtoto. Pili, mama alisema. Angeona haya, angesema "mtoto anaumwa tumbo tu," posho ingebaki vile vile.

Sasa tuje kwetu Kenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha, na kwamba serikali itawasaidia wasioweza kujikimu. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi. Hilo neno ni haki. Halikuandikwa hisani ya chifu wala zawadi ya mwanasiasa. Unaponunua sukari au dakika za simu unalipa kodi. Ukienda kuomba, unaenda kuuliza fungu la mwanao.

Na kwa nini tunakazania watoto wadogo zaidi? Madaktari wanahesabu siku 1,000: kuanzia mimba inapotunga mpaka mtoto atimize miaka 2. Mtoto akidumaa katika siku hizo, urefu na akili vinaathirika, na ni vigumu sana kurudisha baadaye. Sisi tuna aya ya 233 ya Suratul Baqara inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Lakini mama atanyonyesha na nini, ikiwa yeye mwenyewe anashinda na chai ya rangi?

Basi tuone milango iko wapi. Mlango wa kwanza ni kliniki, na huu hauhitaji jina lako liwe kwenye orodha yoyote. Anza mapema ukiwa mjamzito, upate vidonge vya kuongeza damu na kile kitabu cha mama na mtoto. Mtoto akifika miezi 6 anapimwa mkono kwa ule mkanda wa rangi. Kijani ni sawa. Manjano ni onyo. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni hatari, na mtoto anafaa kuanzishiwa matibabu ya lishe, kama vile vipakiti vya karanga vyenye dawa ya lishe. Kwenye vituo vya serikali vipakiti hivyo ni vya bure, na havifai kuuzwa dukani wala kugawanywa kwa watoto wengine nyumbani, maana mgonjwa atakosa dozi yake. Ukiambiwa vimekwisha, usiondoke kimya. Uliza mzigo unafika lini na kituo gani cha karibu kinavyo. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako anaweza kukupimia mtoto hapo hapo nyumbani. Ukiona mtoto amevimba miguu au hataki kula kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mlango wa pili ni pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba zinazolea mayatima na watoto walio katika dhiki, wazee wa miaka 70 kwenda juu, na wenye ulemavu mkubwa. Wengi hawajui kwamba umekuwepo pia mpango wa NICHE, ulioongeza pesa na mafunzo ya lishe kwa nyumba zenye mjamzito au mtoto mdogo, katika kaunti kama Kilifi, Kitui, Turkana, Marsabit na Pokot Magharibi. Miradi hii huja kwa awamu. Usajili hufunguliwa, hufungwa. Kwa hivyo usiulize tu "nitapata?" Uliza afisa wa huduma za jamii au chifu: usajili uko wazi sasa? Kama hauko, utatangazwa baraza gani? Na baraza likiitwa, nenda. Nyumba zinatajwa pale, mbele ya watu. Asiyekuwepo husahauliwa.

Usajili ni bure. Mtu akikuomba "ya chai" ndio akuandike, huyo anakuibia mchana kweupe. Na nambari yako ya siri ya simu usimpe mtu, hata awe jirani wa miaka 20.

Mlango wa tatu ni makaratasi, na hapa ndipo watu wetu wanapoanguka. Pesa hutoka kwa kitambulisho. Mama hana kitambulisho, basi mtoto hana fungu. Ni lile lile tobo la Madina. Tunajua historia yetu: Waislamu wa Pwani, wa Kaskazini Mashariki na ndugu zetu Wanubi wamepigwa msasa miaka na miaka kwa ajili ya karatasi ambayo jirani zao waliipata kwa wiki chache. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri mpaka 2023 kutambuliwa kama Wakenya. Februari 2025, akiwa Wajir, rais alitia saini tangazo la kuondoa upigaji msasa huo kwa kaunti za mipakani. Ukikutana nao bado, tuambie. Na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kifuatilie ndani ya miezi 6 ya mwanzo, kabla hakijaitwa cha kuchelewa na safari kuongezeka. Ukijifungulia nyumbani, mjulishe naibu wa chifu mapema.

Sasa, lile neno lenyewe. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kwenye ofisi moja, mtoto mgongoni. Ilikuwa safari yake ya tatu, na nauli ya mara zote tatu ni ya kukopa. Akaambiwa tena, "Mama, jina lako halipo." Akageuka aondoke. Nikamwambia ngoja. Tukaomba kwa adabu tuandikiwe sababu. Yule afisa akatazama mashine tena, safari hii akasoma nambari moja moja. Tarakimu moja ya kitambulisho ilikuwa imekosewa. Tarakimu moja tu! Mama alikuwa amekwisha kuamini kwamba hakustahili.

Kwa hivyo shika haya. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapogusa haki yako. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba habari kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Hujui kuandika? Sheria hiyo hiyo inamtaka afisa akuandikie. Andika jina lako, nambari ya kitambulisho, tarehe uliyoandikishwa, na swali moja: kwa nini sipo? Fanya nakala, igongwe muhuri, ubaki nayo. Kimya kikizidi, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, wanayoiita Ombudsman, au njoo ofisini kwetu na ile nakala. Na ukidharauliwa kwa sababu ya buibui yako au lafudhi yako, kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa dini, wa mavazi na wa lugha. Kumbuka siku, saa na dirisha uliloenda.

Najua wapo wanaosema, "Mimi sitaki kuonekana nimepanga foleni, watu watasema mume wangu ameshindwa." Dada yangu, aibu haishibishi mtoto. Na nyinyi kina baba, msiwaachie wake zenu foleni peke yao. Nenda naye, mshikie mtoto, soma ile fomu. Maimamu wetu pia tunawaomba: tangazo la usajili likitoka, lisomwe baada ya swala ya Ijumaa, kama tunavyotangaza mazishi.

Wiki hii fanya jambo moja. Ukiwa na mtoto mdogo, mpeleke akapimwe mkono. Usipokuwa naye, mtazame jirani. Yupo mama hapo mtaani aliyeambiwa jina lake halipo, akarudi nyumbani akafunga mlango. Mgongee. Mwambie ukamsindikize.

Allah awatilie watoto wetu afya, na atupe ulimi wa kusema haki kwa adabu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.