Mtoto Aliyepitiliza Siku Zake na Mtoto Mkubwa Mno
(Maneno ya hotuba kwa watu wa Lubao, Kakamega)



Soko letu la Lubao limejulikana mbali kwa biashara ya mbwa. Mtu anunuaye mbwa mchanga hakosi kuuliza, "Amezaliwa lini?" Lakini mwulize mtu huyo huyo mkewe atajifungua lini, naye huenda akakujibu, "Hayo ni mambo ya wanawake." Jawabu hilo laweza kugharimu maisha ya mtoto.

Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, nayo huchukua siku 280 hivi, yaani majuma 40. Ikitimiza majuma 42, imepitiliza. Wako wasemao kwamba mtoto akawiaye tumboni huzidi kupata nguvu. Sivyo. Kondo la nyuma, limletealo chakula na hewa, laweza kudhoofika, na maji yamzungukayo hupungua. Akipata dhiki, mtoto huenda choo chake cha kwanza humo humo tumboni. Na akikivuta mapafuni, huzaliwa akihema kwa shida. Wengine huzaliwa wamekonda, ngozi ikibambuka. Na wengine hufa kabla ya kuzaliwa.

Kwa hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mashauri yake ya mwaka 2018, lasema kwamba mama ajulikanaye kwa hakika kuwa ametimiza majuma 41 aanzishiwe uchungu. Yaangalieni maneno hayo, "kwa hakika". Daktari atapata wapi hakika ikiwa nyumbani hakuna aliyeandika siku?

Sasa nitasema juu ya mtoto mkubwa, yaani wa kilo 4 na zaidi. Wengi wao huzaliwa salama. Lakini pengine kichwa hutoka, mabega yakakwama. Hapo mtoto aweza kukosa hewa, kuvunjika mtulinga, au kupooza mkono. Na mama aweza kuchanika na kutokwa damu nyingi. Tena mtoto akiwa mkubwa kwa sababu mama ana kisukari, kuna hatari ya pili. Tumboni alizoea sukari nyingi ya mamaye. Kitovu kikisha kukatwa, sukari yake hushuka ghafula. Basi mtoto yule ambaye majirani wamsifu kwa unene hutetemeka, hulegea, hukataa kunyonya, hata hushikwa na degedege. Unene wake si dalili ya afya. Yafaa anyonyeshwe katika saa ya kwanza, na damu yake ipimwe sukari.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, hedhi ikikosekana, andikeni tarehe ya ile ya mwisho, mume na mke pamoja. Pili, mama aende kliniki kabla ya majuma 12, aulize pia habari za kupimwa sukari. Tatu, mtoto akipunguza kucheza tumboni, nendeni hospitali saa ile ile, msingoje kesho. Nne, msitumie dawa za miti ili kuharakisha uchungu, kwa maana nyingine hukaza tumbo kwa nguvu mno, na mfuko wa uzazi waweza kupasuka. Tano, mtoto mchanga akihema mara 60 au zaidi kwa dakika, akiguna, au midomo ikigeuka rangi ya samawati, mpelekeni hospitali mara moja.

Nawaambia hasa akina baba, na akina mama wakwe ambao neno lao husikiwa nyumbani: nauli ya kwenda hospitali ya Kakamega hutafutwa mapema, wala si usiku wa manane mama akiwa katika uchungu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na uhai wa mtoto, ukisha kupotea, hakuna fundi awezaye kuujenga tena.