Mji Uliogawanyika

Mwezi wa Januari 1991 Rais Siad Barre aliukimbia mji wa Mogadishu, na serikali ya Somalia ikaanguka. Tungedhani waliomwondoa wangeketi pamoja. La! Aidid na Ali Mahdi, watu wa chama kimoja, walianza kupigana mwezi wa Novemba, wakaugawanya mji. Mwaka wa 1992 njaa iliua maelfu kule Baidoa, huku chakula cha msaada kikinyang'anywa njiani. Palipokosekana serikali, gunia la nafaka ndilo lililokuwa mshahara wa vijana wa mbabe wa vita. Waliokimbia walifika kwetu Kenya, wakapewa kambi Dadaab. Tunapowaombea, tukumbuke kwamba waliozaliwa pale wengine sasa wanalea watoto wao pale pale.