Kazi Iliyo Chini ya Rangi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wahitimu na wanafunzi)



Kamati iliniomba niseme machache juu ya "Elimu na Maisha". Mada hiyo ni pana kama ziwa lililo mbele yetu, na mwenye mtumbwi mdogo haachi ufuko. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu, nalo ni kutengeneza na kupaka rangi boneti ya gari nyumbani. Najua wapo watakaocheka kumsikia mtumishi wa serikali mwenye shahada akihutubia habari za puti na msasa. Wacheke, lakini wasikilize.

Kwa nini boneti? Mwanza ipo kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 2 na nusu tu. Boneti hulala chali kulipokea jua la adhuhuri mwaka mzima, huku joto la injini likiipika kutoka chini. Juu ya hayo, vijiwe vya barabara za changarawe huidonoa rangi yake. Pale palipodonolewa chuma hukutana na maji na oksijeni, na kutu huanza. Hii ndiyo kemia mnayofundishwa hapa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na ndiyo maana rangi iliyo juu yake hufura kama malengelenge. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo magari yetu yana nafuu kuliko ya ndugu zetu wa pwani. Lakini nafuu si kinga.

Kazi huanza kwa kukagua. Ikiwa kutu imetoboa bati karibu na bawaba au komeo, usijaribu nyumbani. Boneti inayofumuka gari likiwa mwendoni humfunika dereva macho, na hapo hatuzungumzii tena urembo. Ikiwa ni mabonyeo na kutu ya juu juu, tia alama mahali bawaba zilipokaa, fungua boliti, mshike watu wawili, mkailaze boneti juu ya blanketi kuukuu.

Ioshe kwa sabuni na uondoe mafuta yote kabla ya kugusa msasa, maana ukianza na msasa utayasugulia mafuta ndani ya mikwaruzo, na rangi itayakimbia. Bonyeo hunyooshwa kutoka ndani kwa nyundo ndogo, kipande cha chuma kikiwa kimeegemezwa upande wa pili. Bati la boneti kwa kawaida halifiki unene wa milimita 1. Ukilipiga kwa hasira litatanuka, na bati lililotanuka halirudi. Kutu isuguliwe kwa msasa Na. 80 mpaka chuma king'ae, na siku hiyo hiyo kifunikwe, kwa sababu chuma kitupu kikilala na umande wa usiku huamka kimeshaanza kutu upya.

Puti huchanganywa na hadina kiasi cha gramu 2 kwa kila gramu 100. Hadina ikizidi, puti huganda mkononi na baadaye huweza kutia doa kwenye rangi, ikipungua, haikauki. Pakaa tabaka nyembamba, kwani puti ni ya kusawazisha palipobaki, haikuwekwa kuchukua nafasi ya bati. Tena isuguliwe kavu, maana hunyonya maji, na maji hayo yakifungiwa chini ya rangi hurudi kuwa kutu. Msasa wa maji, Na. 400 hadi 600, ungoje praima ikauke.

Ndugu zangu, mpaka hapo hatujafungua kopo la rangi, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha! Rangi yenyewe hupulizwa tabaka nyembamba kadhaa, kwa umbali wa kama sentimita 20, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Siku za mvua, ngoja. Thina inapopanda hewani huipoza boneti, mvuke wa hewani ukatua juu yake, na rangi ikapata weupe kama ukungu. Hiyo nayo ni fizikia ya kidato. Tena maliza mapema mchana. Jioni, hasa mwezi unapoandama, wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi huwa hawachagui pa kutua. Na ukibadili rangi ya gari, kumbuka kwamba kadi yake nayo lazima irekebishwe TRA.

Yapo mambo matatu ambayo siwezi kuyapita. La kwanza ni moto. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na jiko la mkaa la jirani latosha kuuwasha. La pili ni pumzi. Rangi zinazochanganywa na hadina kwa kawaida huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huweza kumpa mpulizaji pumu isiyomwacha maisha yake yote. Kitambaa puani hakizuii kitu. Rangi hizo zisipulizwe nyumbani kabisa. La tatu ni maji. Thina inayomwagwa mtaroni mjini hufika Mto Mirongo, na Mirongo humwaga katika ziwa lile lile ambalo jiji huteka maji yake ya kunywa.

Sasa vijana, mnaona kwa nini nimeleta boneti katika mkutano wa elimu. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Gari linalometa sokoni laweza kuwa limefunikwa kutu kwa rangi ya juma lililopita, na mnunuzi akaja kulia masika ijayo. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini, uipitishe juu ya boneti ya chuma. Inapolegea ghafla, hapo pana puti nene. Sumaku hiyo mlishaisoma darasani. Kilichobaki ni kuitoa daftarini.

Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shule isiwatenge vijana na kazi. Tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza kuingizwa katika sekondari zetu, lakini bado nasikia wazazi, hata wahitimu wenzangu, wakinong'ona kwamba huko ndiko wanakopelekwa walioshindwa. Nasema hapana. Yule kijana wa gereji anayepuliza rangi bila kinga hakushindwa. Anafanya kwa mikono kemia ambayo sisi tuliifanyia mtihani na kuisahau. Anachokosa ni mtu wa kumwambia isosayaneti ni nini, na barakoa yenye vichujio vinavyofaa. Sisi tuliosoma tunaipeleka kwake gari, tunabishana naye bei, kisha tunaondoka tukisifu mng'ao.

Kwa hiyo naomba Umoja wetu ufikirie jambo hili: mafundi waalikwe hapa kuwaonyesha wanafunzi kazi, na wanafunzi wawaeleze mafundi sababu zake. Kila upande utapata usichokuwa nacho.