Piga Hodi Kabla ya Kutuma
Nasaha kwa vijana na wazazi baada ya swala ya tarawehe



Ndugu yangu, dada yangu, sitakuweka sana, najua kuna kuamka daku. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ulichonacho mfukoni hivi sasa: simu.

Ikiwa wewe ni mtoto wa Mji wa Kale, nyumba zetu wazijua. Nje kuna baraza, mpita njia yeyote hukaa. Kuna daka, hapo mgeni husimama akapiga hodi. Kisha kuna ndani, na huko haingii mtu mpaka aambiwe karibu. Hata jirani wa miaka 40 hupiga hodi. Adabu hii tumeamrishwa katika Suratun Nur, aya ya 27.

Sasa jiulize: simu yako, je, hupiga hodi?

Chukua mfano wa kesha la harusi hapo Kibokoni. Kina mama wako peke yao, mabuibui yametundikwa, watu wamejipamba. Binti mmoja apiga picha, nia yake safi, amtumia shoga yake aliyeko Maskati. Shoga amtumia dadake. Kabla ya alfajiri, picha ile iko kwenye kundi la vijana wa mpira. Ukiuliza, kila mmoja atakwambia, "Mimi nilimtumia mtu mmoja tu." Na bibi harusi ndiye anayelia.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya waliona madhara ya mtandao wakatunga sheria. Tarehe 25 Mei 2018 ilianza kazi kanuni yao ya kulinda habari za watu. Tarehe 17 Februari 2024 ikaanza kutumika kikamilifu Sheria ya Huduma za Kidijitali. Mwenye mtandao akifuta ulichoandika, akupe sababu. Akiarifiwa kuwa kuna jambo la haramu kisheria kwenye kurasa zake, alishughulikie. Wala asiwapelekee watoto matangazo kwa kuchungulia mienendo yao. Kampuni ikikaidi, yaweza kutozwa mpaka asilimia 6 ya mapato yake ya dunia nzima. Lakini sheria ile ni ya walioko kule. Jamaa yako wa Uholanzi inamlinda. Wewe wa Mkanyageni, hapana.

Je, sisi tumeachwa hivi hivi? La. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Kamishna wa kuisimamia. Wengi hawajui. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi yake ilitangaza faini tatu. Roma School ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mkahawa wa Casa Vera Lounge, 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Na kampuni ya Mulla Pride, ya mikopo ya simu, 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatisha. Angalia vizuri: kosa katika yote matatu ni moja. Hawakupiga hodi.

Kwa hivyo ukidhulumiwa na kampuni, duka au shule, usinyamaze. Hifadhi ushahidi: ile picha, tarehe, nambari iliyotuma. Peleka malalamiko kwa Kamishna. Sheria yampa siku 90 kuyamaliza. Na mwenye kusambaza picha za utupu za mtu, Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018 yamngoja: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Hata hivyo, tusidanganyane. Sheria ya Data haigusi mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake tu. Yule binti wa kesha huenda asipate wa kumshtaki. Pale sheria inapokoma, ndipo adabu inapoanza kazi.

Na hapa nitajisema mimi na wenzangu wa jumuiya. Kila Ramadhan twagawa unga, mchele na tende. Twamsimamisha mama wa watu na mfuko wake, twapiga picha, twaituma kwa wafadhili. Yule mama aliuliza chochote? Alihitaji unga, angekataaje? Mwanawe akenda skuli kesho yake, wenzake wameshaiona. Idhini ya mwenye njaa si idhini. Piga picha magunia, piga picha orodha ya matumizi, mfadhili ataelewa. Uso wa mtu uache.

Mzazi nawe, usimlaumu kijana peke yake. Picha za mtoto akioga ulizituma wewe. Akikua, hatazipenda.

Basi usiku wa leo fanya mambo mawili. Fungua simu yako, ufute picha ya mtu ambaye hukumtaka ruhusa. Kisha, kabla ya kutuma nyingine, muulize mwenyewe: "Naweza?" Akinyamaza, rudi. Kwani ukipiga hodi mara tatu mlangoni pa mtu, usijibiwe, si huwa unarudi zako?

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.