TUTAJUAJE KAMA TUNATIBIWA VIZURI?



Leo tuzungumze juu ya kupima huduma ya afya. Wengi wetu tukitoka zahanati tunaulizana: umepewa vidonge vingapi? Umedungwa sindano? Hicho siyo kipimo. Kipimo ni hiki: wameugua wangapi, na kati yao wamekufa wangapi?

Tuchukue kipindupindu. Mei 2014 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa huo umeingia hapa Juba. Mwaka ule, nchi nzima, waliugua watu 6,421 na wakafa 167. Yaani katika kila wagonjwa 100 walikufa zaidi ya 2. Lakini wagonjwa wakitibiwa mapema na sawasawa, hafi hata 1 katika 100. Piga hesabu: vifo visingefika 65. Watu zaidi ya 100 wangeweza kupona.

Je, kuwepo kwa kituo kunatosha? Hapana. Mwaka 1994 kule Goma, wakimbizi wengi kutoka Rwanda walikufa kwa kipindupindu, na vituo vilikuwepo. Wataalamu kutoka Bangladesh walipochunguza waliona makosa haya: wagonjwa waliongezewa maji polepole mno, dripu nyingine hazikufaa, dawa ya ORS ilitumika kidogo, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu. Makosa hayo yalionekana kwa sababu kuna watu waliopima.

Hapa kambini kazi ya kupima ni yenu pia. Tunawaomba mambo matatu:

1. Mtu akianza kuharisha maji maji, mpeni ORS papo hapo, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Endeleeni kumnywesha njiani mkimpeleka kituoni.

2. Mkifika, angalieni saa. Mgonjwa amekaa muda gani kabla ya kupewa maji? Akicheleweshwa, mwambieni kiongozi wa bloku, naye alete habari kwenye mkutano wa afya. Huko siyo kumsema vibaya mhudumu. Ni kusaidia kituo.

3. Mtu akifia nyumbani, toeni taarifa. Tunajua baadhi ya familia hunyamaza zikiogopa kupunguziwa mgao wa chakula. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini daftari la kituo huandika waliofia kitandani tu. Aliyefia hemani asipohesabiwa, daftari litaonyesha kwamba mambo ni mazuri, na hakuna atakayeuliza kwa nini bloku yenu iko mbali na kituo, au kwa nini usiku hakuna wa kumbeba mgonjwa.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi tuseme hivi: kifo kisichohesabiwa hakimfundishi mganga kitu, na mtoto wa jirani atakufa vile vile.

Wasomeeni na wasiojua kusoma.