Uhai Wetu Usiwe Kipimo cha Sumu



Ndugu wapendwa, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wanaparokia wote, huko kwenye makarasha ya Geita na Shinyanga wachenjuaji dhahabu huuliza: nani amethibitisha kwamba kemikali hizi huleta saratani? Swali hilo lastahili jibu la kweli.

Si halali kumpa binadamu sumu ili aonekane kama ataugua. Kwa hiyo wataalamu huwapa panya kiasi kikubwa kwa miaka miwili hivi, karibu maisha yao yote, kisha hukadiria kwa hesabu madhara ya kiasi kidogo kwa mtu. Makadirio hayo yana mashaka, kwani mwili wa panya si mwili wa mtu.

Mwaka 1993, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka kwamba zebaki ya aina ya methili, ile inayojikusanya katika samaki, huenda ikamletea binadamu saratani. Ushahidi ulitoka kwa panya. Kuhusu zebaki tunayoishika mikononi, ushahidi haukutosha kuamua. Je, basi ni salama? La hasha! Mvuke wake hudhuru ubongo na figo.

Tena iko aseniki, iliyomo katika miamba ya ukanda wetu, na ambayo watafiti wameikuta katika baadhi ya vyanzo vya maji vya Geita. Kwa miaka mingi wanyama waliopewa aseniki hawakuonyesha saratani waziwazi. Lakini huko Taiwan, watu waliokunywa maji ya visima yenye aseniki walipatwa na saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu. Panya walinyamaza, wanadamu wakawa ushahidi.

Funzo ndilo hili: onyo la panya tulipokee, bali ukimya wake tusiufanye cheti cha usalama. Amri ya Tano hailindi uhai kwa hesabu iliyokamilika tu.

Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, unaotaka uchomaji wa zebaki katika makazi ukomeshwe. Basi tusiichome jikoni wala karibu na watoto. Marudio yasimwagwe karibu na visima. Nasi viongozi tudai maji yapimwe, na majibu yasomwe hadharani. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 za aseniki kwa lita.

Tusingoje makaburi yatuthibitishie. Mungu awabariki.