TEZI YA SHINGONI INAPOLEGEA

Leo tutasema juu ya kiungo kidogo kilichoko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Kinaitwa tezi ya thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni, nayo homoni huuamuru mwili wote uende mbio au polepole.

Tezi hiyo ikilegea, mwili hupoa kama moto uliokosa kuni. Lakini haupoi sawasawa kwa kila mtu. Tuseme wako wanawake wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza amenenepa, ngozi imekauka, sauti imekuwa nzito, naye huona baridi hata wenzake wakijipepea. Wa pili hakunenepa hata kidogo. Yeye hufunga choo, damu ya mwezi humtoka nyingi, na kutwa nzima ana usingizi. Majirani humwita mvivu! Na mzee akianza kusahau, watu husema ni uzee tu. Mwingine ana rovu, mwingine hana. Tena uchovu waweza kuletwa na upungufu wa damu, au majonzi. Basi macho hayatoshi. Lazima damu ipimwe.

Hapa sikilizeni vizuri, maana wengi huchanganyikiwa. Chini ya ubongo iko tezi nyingine, nayo ni kama nyapara. Ikiona thairoidi inazembea, huipigia kelele kwa homoni iitwayo TSH. Kibarua akizidi kulala, nyapara huzidi kupiga kelele. Kwa hiyo TSH ikiwa nyingi katika damu, kwa kawaida maana yake thairoidi ni dhaifu.

Dawa ipo. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mwanamke mgonjwa sindano ya maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Mwanamke yule aliishi miaka 28 zaidi, na kondoo waliotumika kwa dawa yake walipita 870. Siku hizi kuna kidonge cha levothairoksini, ambacho humezwa kila siku tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai.

Hatari iko katika kiasi. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 hupata karibu 100. Lakini mzee mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa na 25 au chini yake, kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole ukilazimishwa kukimbia ghafula waweza kuumia. Mwenye mimba naye mara nyingi huongezewa. Ndiyo sababu kidonge cha jirani hakiombwi kama chumvi. Na kiasi kikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo mwili haujatulia.

Sasa mwalimu wenu ataandika ubaoni: tezi, homoni, nyapara. Yasomeni kwa sauti, kisha mmoja wenu awaeleze wenzake kwa nini TSH huwa nyingi tezi inapokuwa dhaifu.